Kempu za porini za Kikristo za kurekebisha vijana: kabla hatujaiga naomba mnisikilize (uzi mrefu)

mjomba_tomondo (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa, na assalaam alaykum kwa ndugu zetu wote humu. Nimekaa na hili jambo wiki mbili usingizi hauji, bora niliseme.

Kanisani kwetu hapa Unguja (silitaji, Wakristo tupo wachache mtatujua mara moja) kuna mpango wa kuanzisha kempu ya porini kwa vijana "walioharibika". Neno hilo silipendi ila ndo linalotumika kwenye vikao. Alikuja mgeni na laptopu akatuonesha vidio, vijana wa Marekani wamebeba mabegi makubwa wanapanda milima, usiku wamezunguka moto wanaomba, mmoja analia anasema Yesu kamkuta jangwani. Wazee wakaguswa, na mimi niliguswa sikatai. Sasa wanatafuta eneo Makangale kule Pemba, pembeni ya msitu wa Ngezi, mtoto akae wiki nane, simu hana, mzazi hamuoni, anafundishwa Neno na kujitegemea. Wazazi wameshaanza kuchanga.

Mimi ni mlezi wa vijana pale huu mwaka wa kumi na moja. Na mimi ndo niliyenyanyua mkono nikasema tusubiri. Tangu siku hiyo naangaliwa kama mtu anayezuia kazi ya Mungu.

Sasa sababu yangu ni hii. Dada yangu anaishi Marekani miaka mingi. Mwanawe, mpwa wangu, humu nitamwita Kijana tu, alipofika miaka 15 mambo yakaanza, bangi, kutoroka skuli, kumjibu mama yake maneno ambayo sitayaandika, kujifungia chumbani siku tatu hali hakogi. Dada alikuwa ananipigia saa nane za usiku huku kwetu analia tu, hasemi kitu. Mtu wa kanisani kwake huko akamuelekeza kwenye programu ya Kikristo ya porini, wakamwambia mtoto wa namna hii ukimuambia mapema atakimbia, kwa hiyo kuna watu kazi yao ni kuja kuchukua watoto, unawalipa wanakuja. Dada akasaini.

Saa kumi alfajiri mlango ukafunguliwa, taa ikawashwa, Kijana anafungua macho wanaume wawili asiowajua wamesimama juu ya kitanda chake. Wakamwambia vaa viatu tunaondoka, ukitaka kwa wema sawa, ukitaka kwa nguvu sawa. Akamuita mama yake. Mama yake alikuwa jikoni, anamsikia, na hakutoka kwa sababu aliambiwa asitoke. Dada mwenyewe alinihadithia, alikuwa kashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili mpaka gari ikaondoka.

Alikaa huko wiki kumi. Wanalala chini ya turubai, si hema. Usiku wanavuliwa viatu vinakwenda kuwekwa na viongozi ili mtu asikimbie. Barua zinasomwa kabla hazijatumwa, akiandika "mama nitoe" anaambiwa anajaribu kumchezea akili mama yake, aandike upya. Chakula ni mchele na dengu, na cha moto unakula ukiweza kuwasha moto kwa kupekecha kijiti, hukuweza basi unakula dengu zilizolowekwa maji ya baridi. Asubuhi sala na mistari ya kukariri, na mistari ndo inayompandisha mtu daraja. Kijana aliniambia, "Mjomba, mimi nilikuwa nasoma Zaburi ili nipate blanketi la pili."

Na niwe mkweli, si kila kitu kilikuwa kibaya. Kulikuwa na kiongozi mmoja kijana kijana tu, ndo aliyemfundisha kupekecha, na usiku mmoja wa mvua alikaa naye chini ya turubai mpaka kukapambazuka hakumuuliza swali hata moja. Kijana anamkumbuka kwa jina. Anazikumbuka na nyota. Lakini wale viongozi wanafanya kazi kwa zamu, siku nane anaondoka anakuja mwengine, baada ya zamu ile hakumuona tena.

Akarudi nyumbani mpole. Dada akatoa ushuhuda kanisani. Mwezi wa nne tangu arudi akaacha kula, haongei, na mama yake akigonga mlango anaruka. Ndo dada akamleta huku kwa mama yetu, kama tunavyofanya wote mambo yakitushinda huko nje.

Miezi ya mwanzo hapa mama akaona kitu, mtoto analala na viatu. Joto la Zanzibar mnalijua, yeye kajifunga kamba za viatu mpaka juu kalala. Tukimuuliza anasema basi tu.

Jioni moja mvua ya masika inanyesha, gesi imekwisha, kibiriti kimelowa, mama anasonya jikoni. Kijana akatoka ukumbini akachukua fito kavu stoo, akachambua makumbi ya nazi mpaka yakawa laini kama pamba, akafunga uzi kwenye kijiti kama upinde, akapekecha. Moshi, halafu kikaa kidogo chekundu, akakipuliza ndani ya makumbi kwa upole kama anampuliza mtoto mchanga jichoni. Moto ukawaka. Mama yangu ana miaka 78, akasema marehemu babu yako ndo alivyokuwa akiwasha moto kule shamba, wewe nani kakufundisha? Akakaa chini akamhadithia. Mwaka mzima hakunihadithia mimi, hakumhadithia mama yake, akamhadithia bibi yake pale mbele ya jiko mpaka saa sita usiku. Mama hakusema mengi, akamwambia vua viatu baba, hapa hakuna anayekuja.

Basi ndo nauliza. Tunataka kuwafanyia hivi watoto wetu kwa jina la Yesu?

mamaWawili_welezo

Kaka nimesoma na nimelia kwa mpwa wako, lakini niruhusu na mimi niseme maana mimi ni mmoja wa hao wanaochanga, si kanisa lako ila tuna mpango kama huo huo. Mwanangu ana 15. Mwezi uliopita kauza mtungi wa gesi, mtungi nilioununua kwa kuuza maandazi. Baba yake yupo Dar haji. Nimemuombea, nimemfunga ndani, nimempeleka kwa mchungaji, nimemchapa mpaka mkono wangu umevimba na nikalia mimi kuliko yeye. Maskani wanayokaa hapo nyuma kuna vijana watu wazima wanavuta unga (heroini). Sasa nikiambiwa kuna mahali atakaa wiki nane mbali na ile maskani, anasoma Biblia, anachota maji, mimi naona mlango wa Mungu umefunguka. Hata Bwana Yesu alikwenda jangwani siku arubaini. Nyie mnaosema msubiri, tusubiri nini? Nisubiri mpaka aje na sindano?

mjomba_tomondo

Dada yangu pole sana, kwa moyo kabisa. Maneno yako ndo yale yale ya dada yangu, mimi simlaumu yeye na wewe sikulaumu. Mama aliyechoka akipewa karatasi asaini atasaini.

Hilo la jangwa nimelifikiria sana. Bwana alikwenda akijua anakwenda wapi na nani anampeleka, hakuvutwa kitandani. Halafu mimi huwa namfikiria Elia, yule alikwenda jangwani amekata tamaa anataka kufa, ndo kama hawa watoto wetu. Alipolala chini ya mti malaika hakuanza na mahubiri. Alimuamsha akamwambia ale, mkate upo na maji yapo, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala. Safari ya siku arubaini ilikuja baada ya kushiba na kulala. Sasa sisi tunataka kuanza na njaa.

chukwani_original

Wakuu tunakuza mambo, sisi tulichapwa na tukanyimwa chakula na leo ni watu na heshima zetu. Mtoto apelekwe akanyooke.

miakaKumi_msafi

Chukwani nakuheshimu, ila mimi pia nilichapwa na sikunyooka, nilikwenda kwenye unga nikiwa na miaka 19.

Niseme ninachokijua. Mimi nimepita soba, nyumba ya watu wanaoacha unga, hapa Unguja na sasa nasaidia wengine. Mara ya kwanza familia walinifunga kamba wakanipeleka, nilikaa siku kumi na mbili, nikaruka ukuta, usiku ule ule nikatumia. Mara ya pili nilikwenda kwa miguu yangu, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imenikamata, natapika njiani, lakini nilikuwa nimeamua mwenyewe. Nyumba ile ile, watu wale wale.

Na hili la dini nalijua pia. Zile hatua kumi na mbili tunazosoma soba zimetoka kwa Wakristo, walevi wawili walikutana Akron, Ohio, mwaka 1935, na mambo yao mengi waliyachukua kwenye kikundi cha Kikristo kilichoitwa Oxford Group, kukiri makosa, kwenda kuomba radhi kwa uliyemdhulumu, kukaa kimya na Mungu. Leo hapa Zanzibar sisi tunaozifuata karibu wote Waislamu, tunasali swala tano na tunafanya hatua zetu. Imeweza kuvuka kwa sababu ndani yake imeandikwa Mungu kwa vile unavyomfahamu wewe, na hakuna aliyeninyima chakula mpaka nikariri. Kwa hiyo mimi siogopi kempu kuwa ya Kikristo, imani inasaidia na mimi ni shahidi. Naogopa ikitumiwa kama fimbo.

La mwisho kwa mama wa Welezo, mama yangu nisikilize kwa makini. Mtoto wa miaka 15 anayevuta bangi na kuuza mtungi si teja. Usimpeleke akachanganywa na mateja wazima, soba au porini, atatoka na marafiki wapya na mbinu mpya. Na ikitokea kweli kaingia kwenye unga, ipo kliniki ya methadoni, dawa ya walioingia kwenye unga, pale Kidongo Chekundu tangu 2015, watu wanakwenda kila siku wanakunywa dawa yao wanarudi makazini. Hiyo ni hospitali, si aibu.

mzenji_columbus

Mjomba umenigusa pabaya. Mimi nipo Ohio, nimefanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya vijana, ndo nikaanza kufuatilia hii biashara. Na ni biashara, tusidanganyane, wazazi wanalipa dola mia kadhaa kwa siku moja, zidisha kwa wiki kumi uone, watu wanaweka rehani nyumba.

Chanzo chake kilikuwa kizuri kabisa. Mwaka 1941 kule Aberdovey, Wales, wakati wa vita, mwalimu Kurt Hahn na mwenye meli mmoja Lawrence Holt walianzisha skuli ya Outward Bound. Holt aliona meli zikipigwa mabaharia vijana wanakufa haraka kwenye mashua za kuokolea kuliko wazee, nguvu wanazo ila moyo haujapikwa. Basi wakawafundisha bahari na milima. Halafu 1968 Utah, Chuo Kikuu cha Brigham Young, Larry Dean Olsen akawa anawapeleka jangwani wanafunzi waliofeli, wakirudi wengine wanafanya vizuri. Hapo ndo watu wakaona pesa. Waliokuja nyuma walichukua jangwa wakaacha ualimu.

1990 wasichana wawili walikufa ndani ya miezi miwili kwenye programu mbili tofauti kule Utah na Arizona, joto na kukosa maji. 1994 Utah hiyo hiyo kijana wa miaka 16 alikuwa analalamika tumbo wiki nzima na zaidi, viongozi wanasema anajifanya, kumbe kidonda cha tumbo kimetoboka, akafa. Na mwezi wa pili 2024 North Carolina mtoto wa miaka 12 alifariki usiku wake wa kwanza tu kempuni, walimlaza ndani ya kijihema kidogo kimefungwa ili asitoke, uchunguzi ukasema alikosa hewa, kempu ikanyang'anywa leseni.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti yake 2007. Mwaka 2005 peke yake majimbo 33 yaliripoti wafanyakazi 1,619 waliohusika na matukio ya kutesa watoto kwenye vituo vya namna hizi, vya porini na vya ndani. Kwenye vile vifo kumi walivyovichambua, mambo yalikuwa yale yale: wafanyakazi hawana mafunzo, chakula hakitoshi, na mtoto akisema anaumwa haaminiwi.

Sasa kwa upande wa dini, hili ndo linaloniuma kama Mkristo. Jimbo la Missouri kwa miaka mingi nyumba za vijana zikisema ni za kidini hazihitaji leseni, serikali haiingii. Mpaka 2021 watu wazima waliolelewa humo waliposimama wakasema waliyofanyiwa ndo sheria ikabadilishwa. Yaani jina la Bwana lilikuwa pazia. Disemba 2024 imepita sheria ya nchi nzima, lakini hiyo inaagiza utafiti ufanyike, haifungi kempu yoyote.

Haki lazima isemwe, zipo zinazojitahidi, wana baraza lao la viwango tangu 1996, wana wanasaikolojia wenye vyeti, na nimekutana na vijana wanaosema pori liliwaokoa. Lakini karibu wote wanaosema hivyo ukiwauliza wanakutajia mtu, si mlima.

BintiWete

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu na nipo ustawi wa jamii, nazungumza kama mimi si kwa niaba ya ofisi.

Kwanza la kisheria maana naona hamjaligusa. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011. Huwezi kuchukua watoto thelathini ukawaweka msituni wiki nane mbali na wazazi ukasema ni kanisa, au ni madrasa, au ni skauti. Pili la udhalilishaji wa kijinsia. Mimi kila wiki nakaa na watoto waliodhalilishwa na mara nyingi aliyefanya ni mtu aliyeaminiwa, mwalimu, ami, jirani. Mtoto hana simu, barua zake zinasomwa, akisema anaambiwa anacheza na akili za wazee, viatu kavuliwa. Nambieni huyo mtoto akidhalilishwa atamwambia nani? Simsemi vibaya mgeni wenu wala mchungaji wenu. Nasema mmejenga nyumba isiyo na dirisha.

Na nyengine ndogo ya imani. Nilipofika pale ulipoandika mama yupo jikoni kashika sinki nilisimama kusoma nikatoka nje. Bi Hajar aliachwa na mwanawe bondeni hakuna maji, na yeye hakukaa, alikimbia Safa na Marwa mara saba anatafuta. Sisi mpaka leo tunakimbia pale kwa ajili ya mbio za mama mmoja. Simhukumu dada yako wallahi. Yeye alitaka kukimbia, walimwambia asimame.

mjomba_tomondo

BintiWete ahsante dada, hiyo nimemtumia dada yangu kwa wotsapu. Alikaa masaa mawili ndo akajibu, akasema nimwambie huyo bibi kasema kweli.

Na kwenye Biblia yetu hadithi hiyo ipo, Ismaili pale ni kijana mkubwa, mama kamlaza chini ya kichaka kaenda kukaa mbali asimuone anakufa. Imeandikwa Mungu alisikia sauti ya kijana pale pale alipokuwa. Nimefundisha hadithi hii mara ngapi sijui, na kila mara nilikuwa nafundisha juu ya Hajiri na yale maji. Sauti ya yule kijana nilikuwa naipita tu.

mkojani_wa_kusi

Wazee salaam. Mie mtu wa Kojani, mvuvi, kuandika si kazi yangu mtanisamehe.

Naona mnatafuta mbali kitu ambacho sisi tunacho. Mie nikiwa na miaka 15 nilikuwa mkorofi khasa, nilimpiga mwalimu, nikaiba nazi za watu. Baba akakaa na ami yangu, halafu wakaniita na mie nikakaa nao. Baba akanambia msimu huu utakwenda dago na ami yako, unasemaje? Nikasema nakwenda, na kweli nilikuwa nataka kwenda maana huko ndo kwa wanaume.

Tukavuka mpaka upande wa Tanga. Dago ni kambi ya wavuvi, porini hasa, kibanda cha makuti ufukweni, hakuna duka hakuna taa. Kazi ya mtu mpya ni kupika na kutoa maji yanayoingia kwenye mashua. Siku ya kwanza ugali wangu ulikuwa mbichi katikati, watu ishirini wameshatoka baharini na njaa, nahodha akauangalia, akaubandua wote akarudisha sufuria motoni, akanionesha mwiko unavyozungushwa mpaka chini, tukala saa nne usiku. Hakunipiga wala hakunilaza njaa. Kesho yake akanambia pika wewe. Maji mafu tukipumzika tunashona nyavu na wazee wanahadithia, bamvua tunatoka alfajiri. Mwisho wa msimu nikapewa fungu langu kama wenzangu, nusu ya fungu kwa sababu mgeni, lakini langu. Nikamnunulia mama kanga. Nilipoteremka gatini Kojani na ile kanga mkononi hakuna aliyeniita mwizi wa nazi tena.

Sasa angalieni tofauti. Nilikwenda na ami yangu, na huyo ami yupo mpaka leo, jana nimekula kwake. Hakwenda mwisho wa zamu.

BintiWete

Ami umesema vizuri mashaallah, ila na mie niseme, dago limewatoa watoto wengi skuli na si kila nahodha ni kama wa kwako. Nimepokea kesi kutoka dago pia.

mkojani_wa_kusi

Kweli mwanangu. Skuli mie sikurudi na leo najutia, barua ya serikali ikija nasomewa na binti yangu. Na hao unaowasema wapo. Ndo maana nasema awe mtu wake mwenyewe, si kila mtu.

mamaWawili_welezo

Nimesoma yote na nimerudia. Naomba niulize swali la mtu asiyekuwa na ami. Baba wa mtoto hayupo, kaka yangu kafariki, mimi na mama yangu mgonjwa tu. Huyo mtu wake mwenyewe nimtoe wapi? Mimi nilikuwa nanunua kempu kwa sababu sina mtu.

miakaKumi_msafi

Mama naomba nikutumie ujumbe pembeni. Nipo karibu na wewe, jioni nafunga kazi saa kumi na moja. Naweza kuja na mke wangu tukakaa na wewe kwanza, halafu na yeye akitaka. Kama hataki nitakaa hapo barazani nitakunywa chai nitaondoka, nitarudi wiki nyengine.

mzenji_columbus

Hapo ndo penyewe.

Mjomba, kikao lini? Na yule mgeni wa vidio anasemaje?

mjomba_tomondo

Kikao kilikuwa jana baada ya ibada, naleta taarifa.

Nilikwenda na Kijana. Sikumlazimisha, nilimuuliza Alhamisi akasema ntafikiria, Jumapili asubuhi nikamkuta kavaa shati. Nilisema kidogo, nikasoma yale ya Missouri na yule mtoto wa miaka 12, watu kimya. Mzee wetu mmoja akasema hayo ni ya Wamarekani, sisi tuna hofu ya Mungu. Hapo Kijana akasimama. Kiswahili chake bado kinakwenda kinarudi. Akasema, "Wao pia walikuwa na hofu ya Mungu. Waliomba kabla ya kunichukua, niliwasikia kwenye gari." Halafu akakaa.

Sitawadanganya kwamba wote walibadilika. Wawili wameondoka wamekasirika, na mgeni wa vidio hajajibu simu yangu. Lakini wiki nane za Makangale zimekufa. Tulichokubaliana ni kidogo na mimi nakiona kinawezekana. Siku tatu tu, likizo ya skuli ijayo, ufukweni upande wa Muyuni hapa hapa Unguja, mtu akitaka kurudi nyumbani anapanda daladala anarudi. Kila kijana anaambiwa mwenyewe na anaulizwa, akikataa basi. Kila mmoja anakuja na mtu mzima wake atakayerudi naye nyumbani na kuendelea naye, mzazi, mjomba, dada mkubwa, na asiyekuwa na mtu tunakaa tunamtafutia mapema wazoeane kabla, si siku ya safari. Hapo mama wa Welezo nimekufikiria wewe. Simu anakaa nayo mwenyewe. Ustawi wa jamii wanaarifiwa kwa barua na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anaarifiwa, BintiWete kaniahidi kuniangalia hiyo barua kabla sijaipeleka. Watoto wa Kiislamu wa mtaani wakitaka kuja waje, wakati wa swala wanaswali, hakuna wa kukaririshwa kitu. Chakula kinapikwa na watu wazima zamu kwa zamu, na cha moto, kwa wote.

Ami wa Kojani kakubali kuja kufundisha kushona nyavu, nauli ya boti kutoka Pemba tunamlipia. Tunahitaji turubai mbili na sufuria moja kubwa, mwenye nazo anipigie.

Na Kijana kasema atakuja kufundisha kupekecha moto. Katoa sharti moja, usiku kila mtu alale na viatu vyake pembeni yake.